Shahidi Kutoka Ikulu: William wa Tiro na Historia ya Yerusalemu

Siku moja mjini Yerusalemu, mwanzoni mwa miaka ya 1170, watoto wa wakubwa walikuwa wakicheza mchezo wa kufinyana. Kila mmoja alimkandamiza mwenzake kucha mkononi, na aliyeumia alipiga ukelele. Mtoto mmoja tu hakulia. Alifinywa na huyu, akafinywa na yule, naye akatulia kana kwamba mkono ule haukuwa wake. Mwalimu wake alipopata habari alidhani kwanza kwamba ni uvumilivu wa mtoto aliyezaliwa kutawala. Jambo lilipojirudia akamwita, akamhoji, akaupima mkono wa kulia. Karibu nusu yake ilikuwa na ganzi. Waganga wakaitwa, mafuta yakapakwa, dawa za kukanda zikajaribiwa, na hakuna iliyofua dafu. Mtoto huyo alikuwa Baldwin, mrithi wa kiti cha ufalme wa Yerusalemu, na ganzi ile ilikuwa mwanzo wa ukoma.

Mwalimu aliyeupima mkono ule ndiye aliyetuachia habari hii. Jina lake ni William, na historia inamjua kama William wa Tiro: mwalimu wa mfalme, balozi, kansela wa ufalme, askofu mkuu wa Kanisa Katoliki, na mwandishi wa kitabu kikubwa kuliko vyote vilivyoandikwa na Walatini (Wakristo kutoka Ulaya ya Magharibi) wa Mashariki ya Kati katika karne ya 12. Bila yeye, miongo mingi ya dola ile ingebaki giza kwa upande wa watawala wake wenyewe.

Hapo ndipo swali gumu linapozaliwa. Wahenga walisema mla kuku wa mwenziwe miguu humwelekea. William alikula kuku wa ikulu kwa karibu miaka 20. Aliandika kwa kuombwa na mfalme, akaweka muhuri kwenye hati za serikali, akawa upande mmoja katika ugomvi wa makundi. Je, mtu wa namna hiyo anaweza kuaminiwa anapoandika historia ya serikali yake mwenyewe? Kwa zaidi ya karne moja wasomi wamebishana juu ya jambo hili. Wako waliomwamini kila neno, na wako waliomfanya msemaji wa kundi lake. Naona njia ya haki ipo, na ni William mwenyewe anayetupa kipimo chake.

Mzaliwa wa nchi iliyotekwa

William alizaliwa Yerusalemu yapata mwaka 1130, miaka 30 hivi baada ya majeshi ya Vita vya Msalaba kuuteka mji huo tarehe 15 Julai 1099. Familia yake ilikuwa ya wahamiaji kutoka Ulaya, wala haikuwa ya kikabaila. Jambo la mahali alipozaliwa lina uzito mkubwa. Kwa mahujaji na askari waliokuja na kuondoka, Yerusalemu ilikuwa safari ya nadhiri. Kwa William ilikuwa nyumbani. Aliwahesabu majirani zake Waislamu kama maadui, lakini maadui wa kudumu, watu ambao mtu huamka asubuhi akiwakuta bado wapo, na kwa hiyo lazima awajue.

Elimu ya kwanza aliipata nyumbani, katika shule ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Yapata mwaka 1146, akiwa kijana, alivuka bahari kwenda kusoma, akakaa ughaibuni karibu miaka 20. Alisoma sanaa huru huko Paris na Orléans, kisha teolojia kwa Peter Lombard, ambaye kitabu chake cha mafundisho kilitumika katika vyuo vya Ulaya kwa karne nyingi, na kwa Maurice de Sully, aliyekuja kuwa askofu wa Paris na kuanzisha ujenzi wa kanisa kuu la Notre-Dame. Mwisho akaenda Bologna kusoma sheria kwa mabingwa wa sheria za Kirumi, akina Bulgarus na Martinus.

Habari hizi za masomo yake tumezipata kwa bahati ya ajabu. Katika nakala za kitabu chake palikuwa na kichwa cha sura inayohusu safari yake ya masomo, lakini sura yenyewe haikuwapo. Wasomi waliijua kama jino lililong'oka: pengo lake lilionekana, lenyewe halikuonekana. Mwaka 1962 mtafiti Mholanzi Robert Huygens aliichapisha baada ya kuikuta katika nakala moja iliyohifadhiwa Vatikani. Humo William anawataja walimu wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kwa shukrani ya mwanafunzi ambaye hakusahau.

Ninalikazia somo la sheria kwa sababu. Mwanasheria hufundishwa kwamba ushahidi hauna uzito sawa. Mtu akisema jambo linalomnufaisha, hakimu husikiliza kwa tahadhari. Akikiri jambo linalomuumiza, hakimu hunyanyua kalamu.

Ngazi za ikulu

William alirudi mwaka 1165. Mfalme Amalric, aliyekuwa madarakani tangu 1163, alitambua mara moja faida ya kuwa na mzalendo mwenye elimu ya Paris na Bologna. Mwaka 1167 William alipewa cheo cha shemasi mkuu wa Tiro. Mwaka uliofuata alitumwa kwa Kaisari Manuel Komnenos wa Bizanti kukamilisha mkataba wa kuishambulia Misri kwa pamoja. Alimkuta Kaisari akiwa vitani katika nchi za Balkani, akarudi na mkataba. Mwaka 1170 akakabidhiwa mtoto Baldwin amfundishe.

Amalric alikufa kwa kuhara damu tarehe 11 Julai 1174, akiwa na miaka 38. Siku nne baadaye Baldwin IV, mwenye miaka 13, alivishwa taji. Mwanafunzi amekuwa mfalme, na mwalimu naye akapanda: mwaka huo huo akawa kansela, mtu ambaye hati za dola hupita mikononi mwake, na mwezi Juni 1175 akawekwa wakfu kuwa Askofu Mkuu wa Tiro.

Msomaji wa Biblia analijua jina la Tiro, mji wa wafanyabiashara ambao nabii Ezekieli aliuombolezea. Leo uko Lebanoni na Waarabu wanauita Sur. Walatini waliuteka mwaka 1124 kwa msaada wa meli za Venisi, na Wavenisi wakalipwa theluthi ya mji. William anaueleza kwa mapenzi ya mwenye nyumba: chemchemi zilizojengewa minara ya mawe ili maji yapande na kumwagilia bustani, mashamba ya miwa yaliyotoa sukari ya kusafirishwa mbali, na mchanga safi uliotumika kutengeneza vioo vilivyosifika nchi za nje. Mtu anayeandika hivi amekagua mifereji kwa miguu yake.

Mwaka 1179 alihudhuria Mtaguso wa Tatu wa Laterano mjini Roma, chini ya Papa Alexander III. Mtaguso huo ulipitisha kanuni inayowaruhusu wagonjwa wa ukoma wanaoishi pamoja kuwa na kanisa lao na padri wao, na nyingine ya kubana upendeleo waliojitwalia Watemplari, watawa walioshika silaha. Mambo yote mawili yalikuwa ya nyumbani kwa mtu aliyetoka kwenye ufalme wa mfalme mwenye ukoma. Kwa kuombwa na maaskofu wenzake, William aliandika kumbukumbu za mtaguso huo na kuweka nakala katika hifadhi ya kanisa lake Tiro. Kumbukumbu hizo zimepotea.

Ngazi ilikatikia hapo. Mwaka 1180 kiti cha Patriarki wa Yerusalemu kilikuwa wazi, na William alikuwa na kila sifa ya kukikalia. Kilikwenda kwa Heraclius, Askofu Mkuu wa Kaisaria, aliyeungwa mkono na Agnes wa Courtenay, mama yake mfalme. William analitaja tukio hili kwa maneno machache sana, kisha anaendelea na mengine. Wengi wa wataalamu wanaweka kifo chake tarehe 29 Septemba 1186. Miezi tisa baadaye, tarehe 4 Julai 1187, jeshi la ufalme liliangamizwa na Salahuddin, mtawala wa Misri na Shamu, pale Hattin, na tarehe 2 Oktoba Yerusalemu ikasalimu amri. Mzee alifumba macho kabla ya kuona kile alichokuwa amekitabiri.

Jinsi alivyokusanya habari

Kitabu chake kina juzuu 23. Kinaanza na Kaisari Heraclius wa karne ya 7, kinaingia kwenye wito wa Vita vya Msalaba wa mwaka 1095, na kinakoma mwaka 1184, juzuu ya mwisho ikiwa na utangulizi na sura moja tu. Kwa miaka ambayo hakuwa amezaliwa alitegemea waandishi waliomtangulia, kama Fulcher wa Chartres na Albert wa Aachen, akiwalinganisha na kuwasahihisha. Kwa miaka ya utoto wake na ya masomo yake aliuliza wazee. Kwa miaka ya mwisho alikuwa mwenyewe mezani.

Namna yake ya kuuliza inaonekana vizuri katika habari ya Damietta. Mwaka 1169 majeshi ya Walatini na Wagiriki yaliuzingira mji huo wa Misri, yakashindwa. William hakuwapo, alikuwa safarini. Aliporudi alikwenda kwa mfalme na kwa wakubwa, mmoja mmoja, akiwauliza sababu ya kushindwa, kwa kuwa tayari alikuwa na nia ya kuandika. Akakuta kila mmoja ana jibu lake, na akaandika kwamba majibu hayakulingana. Mwandishi mvivu angechagua moja na kulipamba.

Uhodari wake wa kusikiliza unaonekana zaidi katika habari ya ubalozi wa mwaka 1167. Hugh wa Kaisaria alitumwa Kairo kuthibitisha mkataba na Khalifa wa Kifatimiya, al-Adid. Waziri Shawar aliwaongoza wajumbe kupita njia zenye giza, milango ikilindwa na askari weusi wenye panga, hadi wakatokea kwenye nyua zenye nguzo za marumaru na dari za kupakwa dhahabu. Palikuwa na mabwawa ya samaki, na ndege wa rangi na sauti ambazo Wafaranja (ndivyo Walatini walivyoitwa Mashariki) hawakuwahi kuzisikia. Mwisho pazia lililotariziwa lulu na dhahabu likavutwa, na Khalifa akaonekana ameketi, kijana ambaye ndevu zilikuwa zinaanza kuota. Hugh akataka Khalifa ampe mkono wa ahadi. Al-Adid akautoa ukiwa ndani ya glavu. Hugh akakataa: kati ya wakuu, mkono wa ahadi hutolewa mtupu. Watu wa ikulu walishikwa na bumbuwazi kwa ujasiri ule. Khalifa akatabasamu, japo kwa shingo upande, akavua glavu.

William hakuuona mkono huo. Alisimuliwa. Lakini aliuliza mpaka akapata pazia, ndege na glavu, na alijua kwamba glavu ile inaeleza hali ya Misri kuliko kurasa kumi za siasa: dola yenye utajiri usio na kifani, ambayo kiongozi wake alilazimika kumpa mgeni mkono mtupu.

Amalric alimwomba pia kazi ya pili, historia ya watawala wa Mashariki tangu zama za Mtume Muhammad, akampatia vitabu vya Kiarabu vya kutumia. William alimfuata hasa Said ibn Batriq, Patriarki wa Aleksandria wa karne ya 10. Askofu wa Kikatoliki wa karne ya 12 kuketi na vitabu vya Kiarabu ili awaandikie Walatini habari za tawala za Kiislamu, hilo lilikuwa jambo adimu mno. Kitabu hicho nacho hakikutufikia, na ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika urithi wake.

Pale neno lilipomgharimu

Sasa tuliweke swali letu mizanini. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: mwamini shahidi zaidi pale neno lake linapomgharimu, na mpime upya pale linapomfaa.

Tuanze na kuku na mwenye kuku. Amalric ndiye aliyempandisha cheo, ndiye aliyemwagiza kitabu, na mwanawe ndiye aliyekuwa akitawala kitabu kilipokuwa kikiandikwa. Hata hivyo William anamchora mfalme huyu mnene kupita kiasi, mwenye kigugumizi kidogo, mwenye tamaa ya fedha, asiyeheshimu ndoa za watu, na mwenye kulitoza kanisa mali zake. Anataja pia wema wake: akili ya sheria, kumbukumbu kali, hamu ya kusoma historia. Anasimulia hata jinsi mfalme, akiwa mgonjwa wa homa ndefu, alivyomwita na kumuuliza kama kuna hoja yoyote ya kuthibitisha ufufuo wa wafu nje ya Maandiko. William alishangaa, kisha akamjibu kwa hoja ya haki ya Mungu: duniani wema huteseka na waovu hustawi, kwa hiyo lazima pawe na mahali pa malipo. Kuandika kwamba mlinzi wa Kaburi Takatifu alipatwa na shaka juu ya ufufuo si kazi ya msifia wafalme. Kweli, Amalric alikuwa amekwisha kufa. Lakini ikulu ilikuwa ya mwanawe.

Pili, vita ya Misri ya mwaka 1168. Walatini walikuwa na mkataba na Misri, na Misri ilikuwa ikilipa. Amalric akauvunja, akauteka mji wa Bilbeis na wakazi wake wakachinjwa. William anasema waziwazi kwamba tamaa ndiyo iliyoharibu kila kitu. Kabla ya hapo mpaka wa kusini ulikuwa salama, bahari ilipitika na hazina ya Misri ilikuwa kama mfuko wao. Baada ya hapo Misri ilimwita Shirkuh, jemadari wa Nuruddin mtawala wa Shamu, na mwaka 1169 madaraka yakamwangukia mpwa wake, Salahuddin. Kansela wa Yerusalemu ameandika kwa mkono wake kwamba mlango wa Salahuddin ulifunguliwa na mfalme wa Yerusalemu.

Tatu, adui. Nuruddin alikuwa mpinzani mkubwa wa Walatini wa kizazi chake. William anamwita mtesaji wa Wakristo, kisha anakiri kwamba alikuwa mtawala mwadilifu, mwerevu na mcha Mungu kwa kadiri ya dini yake. Anasimulia pia kwamba Mfalme Baldwin III alipokufa mwaka 1163, wakuu wa Nuruddin walimshauri ashambulie wakati wa matanga, naye akakataa, akitaka watu waachiwe nafasi ya kumlilia mfalme wao. Na anapofika Yerusalemu ya mwaka 1099, siku ambayo Walatini waliisherehekea kila mwaka, haifichi damu. Anaandika kwamba mauaji yalikuwa ya kutisha hata kwa washindi wenyewe waliokuwa wamelowa damu kutoka unyayo hadi utosi.

Nne, na hapa ndipo hadhi yake inapopanda juu kabisa, ni sura aliyoiandika baada ya kusimulia kifo cha Amalric. Anasimamisha hadithi na kuuliza kwa nini zamani watu wachache walishinda majeshi makubwa, na sasa majeshi makubwa ya Walatini yanashindwa na wachache. Anatoa sababu tatu. Ya kwanza ni dhambi, na tungeitarajia kwa askofu. Ya pili ni kwamba watu wa kwanza walikuwa wazoefu wa vita wakipigana na watu waliozoea amani, na sasa hali imegeuka. Ya tatu ndiyo ya mwanasiasa: zamani kila mji wa Waislamu ulikuwa na bwana wake, mabwana waliogopana kuliko walivyowaogopa Wakristo, na leo miji hiyo yote iko chini ya mtu mmoja. Anafuatilia mnyororo wenyewe, kutoka Zangi hadi mwanawe Nuruddin, kutoka Nuruddin hadi Salahuddin mwenye dhahabu ya Misri na wapanda farasi wa Shamu. Aliyaandika haya ufalme ukiwa bado umesimama. Wanahistoria wa leo wanaoeleza kuanguka kwa Yerusalemu mwaka 1187 bado wanaanzia kwenye sababu hiyo ya tatu.

Pale neno lilipomfaa

Lakini nyani haoni kundule, na William naye alikuwa na mgongo asiouona.

Watemplari ni mfano wa kwanza. Jumuiya hiyo iliwajibika kwa Papa moja kwa moja, ikawa nje ya mamlaka ya maaskofu, na haikuwalipa zaka. Askofu Mkuu wa Tiro aliathirika na jambo hili kila mwaka wa mavuno. Anapoandika kwamba katika mazingiwa ya Ashkeloni ya mwaka 1153 Watemplari waliingia kwenye ufa wa ukuta na kuwazuia wenzao wasiingie ili nyara ziwe zao peke yao, tunapaswa kukumbuka mambo mawili: alikuwa na mgogoro nao, na mwaka 1153 alikuwa mwanafunzi Ufaransa. Hakuona ufa wala mlinzi wake. Hata hivyo haki yake tumpe. Watemplari walipokataa kushiriki uvunjaji wa mkataba wa Misri mwaka 1168, alikubali kwamba huenda dhamiri ndiyo iliyowazuia, ingawa hapo hapo akaongeza kwamba huenda ni wivu kwa jumuiya shindani.

Mfano wa pili ni Agnes wa Courtenay. Anaingia kitabuni kama mwanamke mwenye tamaa, mchukiza Mungu, mharibifu wa mwanawe. Kwa miaka 800 picha hiyo ilirudiwa na kila aliyeandika juu ya kuanguka kwa Yerusalemu. Mwanahistoria Mwingereza Bernard Hamilton ni miongoni mwa walioipima upya katika karne ya 20. Agnes alitengwa na mumewe Amalric mwaka 1163 kama sharti la mumewe kuvikwa taji. Alirudi ikulu mwanawe mgonjwa alipokuwa mfalme, akamtafutia watu wa kumlinda dhidi ya makabaila waliokuwa wakisubiri kifo chake. Mama gani asingefanya hivyo? Lakini Agnes ndiye aliyemnyima William kiti cha Patriarki, na wino haukusahau. Kwa upande mwingine Raymond, kabaila wa Tripoli, aliyemfanya William kansela, anatoka kitabuni akiwa na hekima na kiasi, na sura ya mwisho kabisa inaishia pale Raymond anapokabidhiwa tena uangalizi wa ufalme. Kitabu kinafungwa kwa ushindi wa kundi la mwandishi.

Wa tatu ni Wamaroni wa milima ya Lebanoni. William anasema mwaka 1182 watu wapatao 40,000 waliacha uzushi waliokuwa nao kwa karibu miaka 500, wakaungana na Roma. Wamaroni wenyewe wameshikilia daima kwamba hawakuwahi kuwa wazushi. Kwa askofu Mlatini, kuandika kwamba kundi zima limerudi zizini ilikuwa sifa kwa Kanisa lake.

Kuna jambo moja linalopaswa kututuliza. Katika mifano hii yote, vitu vinavyotuwezesha kumshuku ametupa mwenyewe. Tarehe, vyeo, nani alimteua nani na nani alipingana na nani, vyote viko kitabuni mwake. Hakuficha ushahidi wa kumhukumu.

Shahidi wa upande wa pili

Katika vuli ya mwaka 1184, William akiwa bado askofu wa mji, Mwislamu mmoja kutoka Andalusia alipita Tiro akirudi kutoka Hija. Huyo ni Ibn Jubayr. Aliwachukia Wafaranja waziwazi, na alimwita mfalme mwenye ukoma nguruwe. Lakini alipopita vijijini katika nchi ya Tibnin, kati ya Dameski na pwani, aliona wakulima Waislamu chini ya mabwana Walatini wakitoa nusu ya mavuno na kodi ya kichwa ya dinari moja na kirati tano, na kubaki na nyumba na mali zao. Akaandika kwa uchungu kwamba ndugu zao walio chini ya mabwana Waislamu hawakupata uadilifu kama huo. Pale bandarini Tiro alisimama kutazama arusi ya Wakristo, bibi harusi akitembea kwa madaha na mkia wa vazi la hariri ukiburuzwa nyuma yake, na akamwomba Mungu amlinde na fitina ya uzuri ule.

Ninamweka Ibn Jubayr kando ya William kwa makusudi. Hawakupendana kama watu wa dini mbili zilizokuwa vitani, na kila mmoja alidhani mwenzake yuko gizani. Hata hivyo kila mmoja alikiri jambo lililouumiza upande wake: Mkristo alisema Nuruddin alikuwa mwadilifu, Mwislamu alisema kabaila wa Kifaranja alikuwa na nafuu kwa mkulima. Maneno hayo mawili ndiyo yenye thamani kubwa kuliko laana zote walizotupiana.

Kitabu baada ya mwandishi

Maisha ya kitabu nayo yana somo. Nakala za Kilatini zilizobaki ni chache. Lakini katika karne ya 13 kilitafsiriwa kwa Kifaransa, na tafsiri hiyo ikaenea mpaka leo zimebaki nakala karibu 50, nyingi zikiwa na picha za rangi na dhahabu. Watu waliiita Kitabu cha Eracles, kwa sababu kinaanza na jina la Kaisari Heraclius. Mfasiri aliyapunguza mambo ya makanisa, akapunguza nafsi ya William mwenyewe, akaongeza sifa za Wafaransa. Wengine wakaongeza matukio ya baada ya 1184. Miongoni mwa nyongeza hizo umo uvumi kwamba Patriarki Heraclius alimtilia William sumu huko Roma, uvumi ambao wataalamu wa sasa hawaukubali. Hivyo kwa karne nyingi wasomaji wengi walimsoma William aliyepunguzwa makali. Ni mwaka 1986 tu ndipo Huygens alipotoa chapa kamili ya Kilatini iliyopimwa nakala kwa nakala, pamoja na ile sura iliyopotea.

Katika utangulizi wa juzuu ya mwisho William anakiri kwamba alitaka kuweka kalamu chini. Ilimchosha kuandika aibu ya nchi yake baada ya kuandika sifa zake. Watu walimsihi aendelee, wakamkumbusha kwamba waandishi wakubwa wa kale waliandika ushindi na kushindwa vilevile. Akaandika sura moja zaidi.

Hukumu yangu ni hii. William wa Tiro hakuwa hakimu asiye na upande, na asingeweza kuwa. Alikuwa mtu wa serikali, mtu wa Kanisa na mtu wa kundi. Kuhusu Agnes, Heraclius na Watemplari, msomaji atafute shahidi wa pili. Kuhusu tamaa ya Walatini huko Misri, damu ya mwaka 1099, uadilifu wa Nuruddin na ugonjwa wa mtoto aliyempenda, tunaweza kuweka uzito wetu wote juu ya neno lake, kwa kuwa hakuna hata moja kati ya hayo lililomletea cheo. Na wewe msomaji, utakaposhika kumbukumbu za kiongozi yeyote aliyekaa karibu na kiti, wa jana au wa leo, zisome kwa kipimo hicho hicho. Zitafute zile kurasa ambazo mwandishi alilipia, uanzie hapo.